Siku Oili ya Jeconia Ilipogeuka Chai

Mimi Mabonga sishtuki ovyo. Nimechomelea vyuma hapa Kapseret, pembeni mwa Eldoret, miaka mingi, na nimewahi kuletewa jioni, ati ninunue, geti ambalo mimi mwenyewe nililitengeneza asubuhi. Watu nimewaona. Kwa hivyo nikikuambia Jeconia alinishtua, usidhani nina moyo mwepesi. Alinishtua zaidi ya mara moja, na ile ya mwisho bado haijaniisha mwilini.

Jeconia ni fundi wa injini, na tunatumia kiwanja kimoja. Upande wangu kuna cheche, vyuma na kelele. Upande wake kuna banda la mabati lenye sakafu ya simiti anayoipiga deki kila asubuhi utadhani anangoja wageni wa harusi. Alikuja huku kutoka upande wa ziwa akiwa kijana, akakaa kwa mjomba wake, akajifunza kazi kwa injini za posho mill, zile mashine za kusaga unga, kule Kiplombe. Siku hizi anatengeneza matrekta, jenereta, mashine za kukatia ng'ombe nyasi, chochote kinachonguruma. Kanisani anaimba besi. Mtu mpole, na maneno yake ni machache mpaka yanakera. Ukimpa habari ya maana anajibu "eh." Ukimwambia nyumba inaungua atajibu "eh," kisha aende kutafuta maji.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinamfungua mdomo: gari za mashindano. Huku kwetu, ngano ikishavunwa, kuna shamba moja upande wa Ainabkoi ambapo wanachonga njia ya udongo ya kuzunguka, na madereva wanakuja kushindana. Jeconia hakosi. Anasimama nyuma ya kamba na vumbi lote linamwishia usoni, halafu Jumatatu yote ni kuniambia gari fulani ilivuta hivi na nyingine ilivuta vile. Nilikuwa namwambia aoe moja ya hizo gari tujue moja. Lakini ukweli ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kumpa injini ya mashindano aijenge. Walikuwa wanampita na kwenda kwa mafundi wa Nakuru.

Ndio akaja Kipkirui. Huyu ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Ainabkoi, mtu wa heshima zake, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha hao madereva. Alikuja na gari ndogo ya milango miwili iliyotolewa viti vyote ikabaki kimoja, na nyuma ya pikapu amebeba injini iliyotumika, ya kutoka Japani. Mimi nilipewa kazi ya kuchomelea vyuma vya ndani vya kumkinga dereva gari ikipinduka. Jeconia akapewa injini.

"Fundi, wacha tuongee wazi," Kipkirui akamwambia. "Ikimaliza mashindano vizuri, gari zote za kikundi zitakuja kwako. Ikiniaibisha, naipeleka Nakuru, na mambo ya mashindano tusiyaongee tena mimi na wewe."

Nilingoja ile "eh" yake. Haikutoka. Jeconia alisema, "Kipkirui, hii kazi nimeingojea tangu nikiwa kijana. Haitakuaibisha." Nikasimamisha mashine yangu nimtazame vizuri. Sikujua ana sentensi ndefu hivyo.

Basi akaanza. Aliifungua hiyo injini mpaka nati ya mwisho. Bloki yenyewe, kile kipande kikubwa cha chuma ambacho pistoni zinacheza ndani yake, aliiosha na maji moto na sabuni ya unga, akaipuliza upepo, akaipaka oili, halafu akaifunika na shuka ya kitanda. Shuka safi, ya maua. Nikamuuliza kama Amondi, mke wake, anajua shuka yake iko wapi. Akasema Amondi ndiye aliyemchagulia hiyo ya pamba, kwa sababu haitoi nyuzi. Nyumba nzima ilikuwa imeingia kwa hiyo injini.

Ringi za pistoni alikuwa anazipima moja moja ndani ya silinda yake, anapiga tupa kidogo sana, anarudisha, anapima tena. Mimi kwa muda huo ningekuwa nimemaliza dirisha na mlango. Halafu ikafika siku ya kufunga kichwa cha injini. Hapo kuna gasketi katikati, ile karatasi ngumu inayozuia maji ya radieta yasiingie kwa oili, na bolti zake hufungwa kwa mpango: unaanza katikati unaenda nje, unarudia kwa nguvu zaidi, kwa spana inayolia ka! ukifika kipimo. Jeconia alikuwa na sheria yake, kwamba mtu akimsemesha akiwa katikati ya hizo bolti, anazilegeza zote na kuanza upya. Sikuijua. Nikaingia kuomba msumeno wa chuma. Akanitazama, akaanza kuzilegeza. Nilikasirika, nikamwambia hiyo ni wazimu, nikaenda bila msumeno.

Siku ya kuiingiza injini kwa gari, tuliinua na cheni kutoka kwa boriti, yeye anaongoza na mkono, mimi nateremsha polepole. Ikakataa kukaa. Mguu mmoja wa kushikia injini, ambao nilikuwa nimechomelea mimi, ulikuwa umeenda upande, upana wa kidole tu. Nikamwambia tuugonge nyundo kidogo, utaingia. Jeconia akasema, "Nyundo haiingii hapa." Ikabidi nikate na nichomelee tena, huku nanuna. Mara ya pili zile bolti ziliingia kwa vidole, bila kusukumwa, na nikiwa mkweli hata mimi nilifurahi.

Tuliiwasha alasiri moja na jua bado liko. Kipkirui alikuja na mama yake, Mama Jeruto, mama mzee mwembamba mwenye leso kichwani na kibuyu cha mursik kwapani. Ukiishi Eldoret hata kama wewe ni wa Bungoma kama mimi, mursik unaijua: yale maziwa lala, yaliyochachuka, yanayokaa kwa kibuyu kilichosuguliwa mkaa ndani, mpaka yanakuwa na chembe nyeusi. Mkimbiaji akitoka nje na medali, anapewa hayo kwanza pale uwanja wa ndege kabla ya kitu kingine. Jeruto, binti wa huyu mama, alikimbia, akapokelewa hivyo. Na hapo kwetu Mama akatumiminia wote, kila mtu kikombe.

Jeconia alitoa plagi, akaizungusha injini kavu mpaka oili ifike kila mahali, akarudisha plagi, akamwambia Kipkirui awashe. Ikashika mara ya kwanza. Sauti yake sijui nikuambie nini. Ilikuwa safi, ya kuingia tumboni. Mama Jeruto alifunika mdomo na leso. Jeconia alisimama tu akiwa ameweka kiganja juu ya kile chuma, na uso wake sijawahi kuuona ukiwa hivyo.

Ilipozimwa, Jeconia akaenda kuoga nyuma ya banda, na mimi nikaitwa getini na mteja wa mlango. Kipkirui na mama yake wakabaki na gari. Tuliporudi walikuwa wanaaga. Mama alimshika Jeconia mikono yote miwili, akamwombea kwa Kinandi, na Jeconia akaitikia amina pale alipodhani ndipo.

Asubuhi yake nilikuwa sijavaa hata ovaroli nikasikia Jeconia ananiita. Huyo mtu haiti watu. Nikakimbia.

Alikuwa ameiwasha injini, akaizima, akatoa ile fimbo ya kupimia oili, kama anavyofanya siku zote. Alikuwa ameishika mbele yake, anaigeuza mwangani. Oili ilikuwa nyeupe. Si nyeupe ya maziwa, ile ya chai ya maziwa, nzito, na povu juu. Kwa fundi yeyote hiyo ina maana moja: maji yameingia kwa oili, na gasketi ya kichwa haikushika. Ile gasketi aliyoilegezea bolti na kuzifunga upya mpaka nikamwita mwendawazimu. Moyo wangu uliruka.

Kipkirui alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yetu. Aliitazama ile fimbo kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Fundi, umekosea gasketi."

"Nimeifunga vizuri," Jeconia akasema.

"Si unaona mwenyewe? Mashindano ni Jumamosi."

Jeconia akasema, "Eh." Akachukua spana. Aliitoa injini ile ile tuliyoiwasha jana, akaanza kuifungua, na Kipkirui akavuta kiti cha plastiki akakaa hapo kivulini kumtazama. Alikaa siku nzima. Aliletewa chai akanywa. Kila bolti iliyotoka aliiona ikitoka.

Mimi niliacha kazi zangu. Sikuweza kuchomelea nikisikia vile vyuma vikilia upande wa pili. Jeconia aliishika gasketi juani akaigeuza huku na huku, na haikuwa na hata alama. Akaweka rula ya chuma juu ya kichwa cha injini, hakikuwa kimepinda. Akatafuta ufa kwa bloki, hakuna. Radieta yenyewe, kabla hajaimwaga, ilikuwa imejaa mpaka juu, haikupungua hata tone, na hilo ndilo lilimchanganya kabisa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mabonga, sijui tena kama mikono yangu inanisaidia." Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka asubuhi. Mtu wa miaka yote hiyo, anaitazama mikono yake kama imemwibia.

Kipkirui alipotoka kwenda kuongea na simu barabarani, Jeconia alifungua karai la chini, lile linaloshika oili. Akapitisha kidole. Akanusa. Akaniita akanionyesha: kwa ile oili ya chai kulikuwa na chembe ndogo nyeusi. Nami nikanusa. Ilikuwa chachu. Haki, harufu ya oili nimeizoea kuliko ya chakula, na hiyo haikuwa yake.

"Hii ni mursik," nikasema.

Jeconia akakinusa tena kidole. Nilimwona akifikiri, na mimi nikafikia hapo pamoja naye. Mama Jeruto. Tulipoondoka jana. Alikuwa ameipa injini maziwa, kama alivyompa Jeruto aliporudi kutoka nje. Nilicheka, halafu nikakosa kucheka, halafu hasira ikanipanda nikaanza kwenda barabarani kwa Kipkirui nimweleze gasketi yake iko wapi.

Jeconia akanishika ovaroli. "Wacha."

"Niwache nini? Unapoteza kazi na kosa si lako."

"Omera, ndugu yangu, nikisema, ataenda amgombeze mama yake. Yule mama aliniombea jana. Mimi siwezi kuwa sababu agombezwe uzeeni kwa kutubariki." Akafuta kidole chake. "Nitaosha, nitafunga, nitasema ni gasketi. Gari ikikimbia vizuri Jumamosi, Kipkirui atanirudia."

Nilimtukana. Nakuambia ukweli, nilimwita mjinga mbele ya injini yake mwenyewe. Lakini hakugeuka. Kipkirui aliporudi, Jeconia alimwambia, "Ni gasketi. Samahani." Na Kipkirui akainama kutazama viatu vyake, akasema sawa, akarudi kwa kiti. Mimi nikadhani anaona haya kwa niaba ya fundi wake.

Jeconia aliosha kila tundu la oili, akakagua kila kitu kinachozunguka, akafunga upya. Safari hii sikumsemesha hata kidogo. Niliwaziba hata watoto wa jirani njia.

Jumamosi tukaenda Ainabkoi. Vumbi, watu, muziki wa spika, nyama choma upande mmoja. Kabla ya kuanza, madereva wamekusanyika karibu na gari zao, na mmoja, Njenga, akamuuliza Kipkirui nani alimjengea injini. Jeconia alikuwa amesimama hapo hapo, na spana mfukoni.

"Ni huyu," Kipkirui akasema, "lakini ilibidi aifungue mara mbili. Alikosea gasketi. Baada ya leo naipeleka Nakuru."

Wakamtazama Jeconia, wengine wakacheka kidogo, si kwa ubaya sana. Jeconia akasema eh. Mimi nilikuwa nimeuma ulimi mpaka nasikia ladha ya damu. Mashindano yenyewe yalikuwa hayajaanza, na ile kazi aliyoingojea tangu ujana ilikuwa imeshaondoka mbele ya wote ambao wangempa.

Halafu gari ikaenda. Ilienda, ndugu yangu. Kwa kona ya juu wengine walikuwa wanakosa nguvu, hewa yetu ya huku juu ni nyembamba na injini nyingi hukohoa, lakini hiyo ilivuta kama haijui kuna kilima. Kipkirui alimaliza wa pili, na aliyemshinda alikuwa na injini kubwa zaidi. Haikutoa moshi. Haikupandisha joto. Jeconia hakuruka wala kupiga makofi, alikuwa amefunga macho anasikiliza.

Watu wakaizunguka gari. Mama Jeruto akapita katikati yao polepole, wakampisha. Hakwenda kwa mtoto wake kwanza. Alikuja kwa Jeconia akamshika mkono, na akasema kwa sauti ya kusikika, amefurahi kabisa, "Baba, si umeona? Maziwa yangu imesaidia."

Njenga akauliza, "Maziwa gani, Mama?"

"Ile nilipea injini. Hiyo kitu imetoka mbali, imevuka bahari, na ndio itabeba mtoto yangu. Si lazima ikaribishwe?" Akageuka akimwonyesha Kipkirui na kidevu. "Vidole yangu haina nguvu. Kipkirui ndio alinifungulia ile kifuniko ya oili, akanishikia hata kibuyu nisimwage nje."

Spika ilikuwa inaendelea kuimba peke yake huko mbali. Mimi nilimtazama Kipkirui, na helmeti ilikuwa mkononi mwake, na uso wake ulikuwa umekufa. Alijua. Alijua tangu ile asubuhi, fimbo ikiwa mkononi mwa Jeconia. Alikaa kwa kile kiti siku nzima akinywa chai, akimtazama mtu akifungua injini yake na moyo wake pamoja, akitafuta kosa ambalo halikuwepo.

Jeconia naye alikuwa hajui. Nilimwona akiambiwa. Alipepesa macho kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia. Kisha akamwinamia Mama Jeruto, akamwambia, "Imesaidia, Mama. Asante sana." Mama akampigapiga mkono, akaenda zake kutafuta pa kukaa, hana habari ya kitu chochote.

"Fundi," Kipkirui akasema. Ilibidi aanze mara mbili. "Fundi, ni mama yangu. Sikuweza kumkatalia. Sikujua itaharibu. Halafu asubuhi niliona aibu."

"Eh," Jeconia akasema.

"Gari haiendi Nakuru. Nasema mbele ya wote. Hii na zingine zote za kikundi ni zako, kuanzia Jumatatu. Njenga ameona, wote wameona."

Njenga alikuwa anaitikia na kichwa. Nilimkazia Jeconia macho, nikimwomba kimoyomoyo achukue, achukue haraka kabla mtu hajabadilisha mawazo. Ndiyo hiyo sasa, kitu alichokitaka maisha yake yote, kimewekwa mbele yake mchana kweupe na mashahidi wapo.

"Kosa la mama si kosa," Jeconia akasema. "Hata wewe kumfungulia, mimi pia ningemfungulia mama yangu. Lakini ulinitazama nikifungua. Siku nzima, Kipkirui. Nilikuambia samahani na ukaipokea." Akatoa ile spana mfukoni, ilikuwa ya kikundi, akaiweka juu ya boneti taratibu isikwaruze rangi. "Peleka Nakuru."

Nilimfuata nikimvuta mkono, nikamwambia amerogwa, nikamwambia kiburi hakiliwi, nikamwambia kila kitu. Hakusimama. Tulipanda pikipiki moja, yeye katikati, mimi nyuma, na njia yote kutoka Ainabkoi mimi nilikuwa nimejaa hasira, sijui kwa nani hasa.

Tulishukia getini kwetu. Alifungua banda lake, akasimama katikati ya ile sakafu safi ambapo hapakuwa na injini yoyote, ila mota ya posho mill iliyokuwa inangoja zamu. Nikadhani anatafuta kitu.

"Mabonga," akasema, "ile injini ilivuta vizuri, ama ni mimi nilisikia hivyo?"

"Ilivuta vizuri," nikamwambia. "Hakuna iliyovuta kama hiyo leo."

Akaitikia na kichwa. Halafu Jeconia, ambaye sijawahi hata kumsikia akilalamika jino, akaketi chini kwenye simiti akalia, na mimi nikasimama pale mlangoni sijui niingie au nimfungie mlango.